Rufaa Mbili: Barua ya Bima na Siku Tisa Zilizobaki

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, baada ya darasa la Kiswahili tunalowafundishia watoto katika maktaba ya mtaa, mama mmoja alibaki nyuma wakati wenzake wakiwavalisha watoto makoti. Ni mwenyeji wa Uvira, Kivu Kusini. Kabla ya kuletwa Marekani aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ndiyo maana nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kusita. Akafungua mkoba, akatoa bahasha iliyokunjwa mara mbili.

"Mwanangu, nisomee hii. Nafikiri wamekatala."

Ilikuwa barua ya kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba ombi la daktari wake la kupigwa picha ya MRI ya goti limekataliwa, kwa sababu hakuna ushahidi kuwa mgonjwa amefanya mazoezi ya viungo kwa wiki sita. Ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo, ulisema ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua. Nikatazama tarehe. Siku 51 zilikuwa zimekwisha.

"Mama, mazoezi ulifanya?"

"Nilifanya. Kila Jumanne na Alhamisi, miezi miwili. Kijana wangu ndiye alikuwa ananipeleka."

"Mbona hukutuletea barua hii mapema?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Serikali ikisema hapana, utafanya nini?"

Jibu hilo nimelibeba hadi leo. Mimi ni mwanafunzi wa afya ya jamii, na muhula huo huo nilikuwa nikisoma utafiti wa karibu miaka hamsini juu ya gharama na ubora wa bima za namna hii. Katika maneno yale machache ya mama niliona jambo ambalo watafiti wamelizunguka kwa miaka yote hiyo. Aliyesema hapana hakuwa serikali, na hapana ile haikuwa neno la mwisho. Lakini mtu asiyejua mambo hayo mawili huibeba hapana ile kama hukumu.

Bima inayosimamia

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunaifahamu bima kama mlipaji. Unaumwa, unatibiwa, bima inalipa au hailipi. Hapa Marekani bima nyingi hufanya zaidi ya hapo. Kampuni hukupa orodha ya madaktari na hospitali unazoruhusiwa kwenda. Mara nyingi hukutaka uanze kwa daktari mmoja wa kawaida, naye ndiye akuandikie kwenda kwa bingwa. Na kwa vipimo, dawa na upasuaji wa bei kubwa, daktari hana budi kuomba kibali cha kampuni kabla ya kukuhudumia. Kwa ufupi, kampuni inasimamia matibabu yenyewe, mbali na kulipa bili.

Wazo hili halikuanza na watu wabaya. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Elk City, Oklahoma, daktari Michael Shadid, mhamiaji aliyezaliwa Lebanoni, aliwakusanya wakulima waanzishe hospitali ya ushirika. Kila familia ilitoa ada kwa mwaka na kutibiwa kwa ada hiyo. Mwaka 1933 daktari kijana Sidney Garfield alijenga hospitali ndogo katika jangwa la Mojave, California, kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wakichimba mfereji wa kupeleka maji Los Angeles. Alikaribia kufilisika, hadi ulipofanyika mpango wa kumlipa senti 5 kwa siku kwa kila mfanyakazi, awe mzima au mgonjwa. Kuanzia hapo hesabu yake iligeuka. Zamani kila jeraha lilimletea pesa. Sasa kila jeraha lilimtoa pesa, na mfanyakazi mzima ndiye faida. Mpango huo ulikua ukawa Kaiser Permanente, uliofunguliwa kwa umma mwaka 1945.

Kinga ni bora kuliko tiba, wazee wetu walisema. Uzuri wa malipo ya Garfield ni kwamba yaliifanya methali hiyo iwe na faida hata kwa daktari. Mwaka 1970 daktari Paul Ellwood aliiuza fikra hiyo kwa serikali ya Rais Nixon, na mwishoni mwa 1973 ikatiwa saini sheria ya kuyasaidia mashirika ya aina hii, yaliyojulikana kwa kifupi kama HMO.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuyataka. Mwaka huo huo wa 1973, John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha uchunguzi wao wa jimbo la Vermont. Waligundua kwamba viwango vya upasuaji, kama ule wa kuondoa tezi za koo, vilitofautiana mara kadhaa kati ya sehemu za jimbo lile lile, wakati watu wake hawakutofautiana kiasi hicho kwa maradhi. Kilichotofautiana zaidi ni mazoea ya madaktari na wingi wa huduma zilizokuwapo. Kwa hiyo huduma nyingine zilitolewa bila haja, na aliyetaka mtu wa kuzisimamia alikuwa na hoja.

Mizani ya RAND

Je, usimamizi huo unapunguza gharama bila kuumiza mtu? Swali hili lilijibiwa kwa jaribio ambalo hadi leo walimu wetu hulirudia. Kati ya 1974 na 1982, taasisi ya utafiti ya RAND, chini ya mchumi Joseph Newhouse, iliwaingiza watu zaidi ya 7,000 katika sehemu sita za nchi kwenye bima za aina mbalimbali. Familia haikuchagua bima yake, ilipangiwa kwa bahati nasibu. Wengine walitibiwa bure kabisa, wengine walichangia sehemu ya gharama. Mjini Seattle baadhi waliwekwa katika HMO ya ushirika iliyoitwa Group Health.

Matokeo ya Seattle yalikuwa habari njema kwa wapenda usimamizi. Watu wa HMO walilazwa hospitalini pungufu kwa kama asilimia 40 wakilinganishwa na waliotibiwa bure kwa madaktari wa kawaida, na gharama yao ilikuwa chini kwa karibu robo. Kwa wastani, afya zao hazikutofautiana sana.

Lakini wastani, kama mjuavyo, humficha mtu. Watafiti walipowatenga watu kwa kipato na kwa hali ya afya waliyoanza nayo, picha iligawanyika. Wenye kipato kizuri walioanza wakiwa wagonjwa waliendelea vizuri ndani ya HMO. Maskini walioanza wakiwa wagonjwa walikaa kitandani siku nyingi zaidi na kuwa na dalili nzito zaidi kuliko maskini wenzao waliotibiwa bure nje ya HMO. Mpango ulikuwa mmoja na madaktari walikuwa wale wale.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni mji mmoja na zama zilizopita. Basi tutazame mwaka 1996, ulipochapishwa uchunguzi mwingine uliowafuata wagonjwa wa maradhi sugu 2,235 kwa miaka minne katika miji ya Boston, Chicago na Los Angeles. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, HMO na bima za kawaida zilikaribiana. Kwa wazee na kwa maskini, afya ya mwili ilidhoofika zaidi ndani ya HMO. Nao Robert Miller na Harold Luft, waliokusanya na kupima tafiti nyingi za miaka hiyo, walikuta ubora umegawanyika: zipo zilizoona HMO ni bora, na zipo, kwa idadi inayokaribiana, zilizoona ni duni.

Mimi nilipozisoma kazi hizi mara ya kwanza niliandika pembeni ya daftari: "Haijulikani." Sasa naona niliandika upuuzi. Inajulikana vizuri. Usimamizi unaweza kuokoa pesa, na anayejua njia za ndani yake anaweza kunufaika nao. Anayeumia ni yule ambaye ugonjwa wake ni mwingi na nguvu yake ya kubishana ni ndogo.

Kibali na takwimu zake

Miaka ya 1990 Wamarekani wenyewe walichoka. Kilichowaudhi zaidi ni akina mama kurudishwa nyumbani siku moja tu, au hata chini ya hapo, baada ya kujifungua. Mwaka 1996 ikapitishwa sheria ya taifa kwamba bima inayolipia uzazi isimnyime mama na mtoto saa 48 za kukaa hospitalini baada ya uzazi wa kawaida, na saa 96 baada ya upasuaji. Kampuni nyingi zikalegeza kamba kwa muda. Lakini kibali cha awali hakikuondoka, na leo kimekuwa mlango mkuu wa usimamizi.

Chukueni Medicare, bima ya umma ya watu wa miaka 65 na zaidi. Wengi wao siku hizi wamo katika tawi lake linaloendeshwa na kampuni binafsi, Medicare Advantage. Mwaka 2022 kampuni hizo zilipokea maombi ya kibali zaidi ya milioni 46, zikakataa milioni 3.4, ama yote au sehemu. Kati ya waliokataliwa, karibu mmoja tu katika kumi alikata rufaa. Na kati ya waliokata rufaa, zaidi ya wanane katika kumi walishinda.

Someni tena takwimu hizo mbili za mwisho kwa pamoja. Wanaouliza ni wachache sana, na wengi wa wanaouliza hushinda. Si haki kudai kwamba wote walionyamaza wangeshinda pia, kwani huenda aliyeuliza ndiye mwenye hoja nzito. Lakini mwaka 2022 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilipekua yenyewe sampuli ya vibali vilivyokataliwa, ikakuta asilimia 13 ni vya huduma zilizotimiza masharti ya Medicare. Kwa maneno mengine, walistahili kupewa, wakanyimwa.

Mama yetu hayumo Medicare, yumo Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa bima ya wakimbizi wengi wanapofika. Humo pia karibu robo tatu ya wanachama wako chini ya kampuni. Jimbo huilipa kampuni kiasi maalumu kila mwezi kwa kila kichwa, kama senti 5 za Garfield, na kinachobaki baada ya matibabu hubaki kwa kampuni kwa mipaka ya sheria. Mwaka 2023 ofisi hiyo hiyo ya mkaguzi ilitoa taarifa juu ya kampuni 115 za Medicaid: kwa jumla zilikataa ombi moja katika kila manane, na 12 kati yake zilikataa zaidi ya robo ya maombi. Waliokata rufaa walikuwa wachache hapo pia.

Neno moja, milango miwili

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye lugha, maana gazeti hili ni la Kiswahili.

Kiswahili kina neno rufaa, na kinalitumia kwa mambo mawili. Daktari wa zahanati akikuandikia barua kwenda hospitali kubwa, hiyo ni rufaa, na hospitali yenyewe tunaiita hospitali ya rufaa. Mtu akishindwa kesi mahakama ya chini akapeleka shauri juu, hiyo nayo ni rufaa. Kiingereza kinayatenga mambo hayo kwa maneno mawili yasiyofanana, na mfasiri asiye makini huyachanganya. Nimeona karatasi ya maelezo ya bima iliyotafsiriwa, ambamo "una haki ya rufaa" ilimaanisha kupinga uamuzi, na mistari mitatu chini yake "unahitaji rufaa" ikamaanisha barua ya daktari. Mama aliyeisoma karatasi hiyo alidhani daktari wake ndiye atakayeomba yote mawili, akakaa kusubiri.

Lakini zaidi ya kuwa tatizo la tafsiri, naona neno letu linasema kweli. Katika bima hizi rufaa zote mbili ni safari ile ile: mtu anapanda ngazi kutoka alipozuiwa kwenda kwa mwenye uwezo mkubwa zaidi. Ya kwanza hupandishwa na daktari. Ya pili lazima uipande mwenyewe, au upate mtu wa kukushika mkono. Utafiti wote niliousimulia unaweza kusomwa kama habari ya ngazi hiyo ya pili na ya watu wasiojua kwamba ipo.

Na msidhani kutojua huko ni kwa wasiosoma. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikwenda kutibiwa jino lililovimba. Kliniki ilikuwa kwenye orodha ya bima yangu, daktari aliyeniona siku ile hakuwamo. Nikaletewa bili ya dola 340. Nilijua, kwa kuwa ndiyo fani yangu, kwamba ningeweza kulipinga deni hilo. Sikulipinga. Nilikuwa na mtihani, nilikuwa na aibu, na sikutaka kugombana kwa simu na mtu anayeniomba kila mara nirudie jina langu. Nililipa kwa awamu nne. Mimi nina shahada na Kiingereza, na nilinyamaza. Kwa nini nilimuuliza mama swali lile kana kwamba yeye ndiye aliyezembea?

Siku tisa

Jumatatu tulianza. Jambo la kwanza, mama alitia saini karatasi ya kuniruhusu kumsemea, kwa sababu bila idhini yake kampuni haizungumzi na mtu mwingine. Jambo la pili, tulipiga simu kliniki ya mazoezi. Ikadhihirika kwamba mahudhurio yake yote kumi na sita yameandikwa vizuri, ila hakuna aliyeyatuma kwa daktari. Daktari alipoomba kibali aliandika tu "maumivu ya goti" na kuambatisha picha ya eksirei. Kampuni haikusema uongo: ushahidi kweli haukuwapo kwenye faili. Ulikuwa kwenye kompyuta ya kliniki nyingine, umbali wa kituo kimoja cha basi.

Jambo la tatu, muuguzi wa daktari yule, Mungu ambariki, aliandika barua ya nusu ukurasa. Tukatuma vyote kwa faksi siku ya tano, na nakala kwa posta ya rejesta, tukaweka risiti.

Sheria ya Medicaid inaipa kampuni siku 30 kuijibu rufaa ya kawaida, na saa 72 ikiwa kuchelewa kunahatarisha afya. Kampuni ikikataa tena, mgonjwa anaweza kuomba kusikilizwa na jimbo, nje ya kampuni. Sisi hatukufika huko. Barua ya pili ilikuja baada ya siku 16: ombi limekubaliwa. MRI ilionyesha gegedu la goti limechanika, na sasa anatibiwa kwa jambo linalojulikana badala ya kubahatisha.

Sitaki kuifanya hadithi hii iwe ya ushindi. Kutoka ombi la kwanza hadi kipimo ilipita karibu miezi minne. Miezi hiyo mama alipanda ghorofa ya tatu akishika ukuta, na alipunguziwa saa zake za usafi wa usiku kwa sababu hakuweza kupiga magoti. Hasara hiyo haimo katika hesabu ya kampuni, wala haimo katika hesabu ya jimbo. Watafiti wa gharama tuna tabia ya kuhesabu kilicholipwa. Mshahara alioukosa mama haukupitia kwenye bima, kwa hiyo kwenye majedwali yetu unaonekana kama akiba.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu zangu wanachama, katika mji huu tuna familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, za Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, na wengi wao wamo katika bima hizi. Tumezoea kukutana nao kwa Kiswahili cha watoto, kwa ngoma na kwa pilau. Kuanzia muhula ujao napendekeza tuweke meza moja ya barua kila Jumamosi baada ya darasa. Hatutakuwa wanasheria wala madaktari. Tutasoma barua, tutatafuta tarehe, tutamwambia mwenyewe kwa lugha yake mambo manne: nani amekataa, kwa sababu gani, siku ngapi zimebaki, na karatasi gani inakosekana. Tutamkumbusha pia kwamba ana haki ya mkalimani wa bure anapozungumza na kampuni, ili mtoto wa miaka kumi asilazimishwe kutafsiri ugonjwa wa mama yake.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Tusaidieni kuandaa orodha fupi ya istilahi za bima kwa Kiswahili kinachoeleweka Uvira, Kigoma na Mombasa, na mtuamulie suala la rufaa. Pendekezo langu ni kusema "barua ya daktari" kwa ile ya kwanza na "kukata rufaa" kwa ile ya pili. Mwenye neno bora na alilete.

Wiki iliyopita mama alikuja tena darasani, safari hii na jirani yake kutoka Bujumbura. Jirani alikuwa na bahasha. Kabla sijanyoosha mkono kuipokea, mama aliitwaa, akaifungua, akapeleka kidole moja kwa moja ukurasa wa nne.

"Tarehe," akamwambia mwenzake. "Anza kwa tarehe."